Meni Swichi Iko Chumbani kwa Mama Mkwe

Mume wangu ni daktari wa mifugo, na hapo ndipo matatizo yote ya umeme nyumbani kwetu yanapoanzia. Mtu aliyezoea kushona tumbo la ng'ombe porini, kwa uzi alionao na maji ya ndoo, humwambii kitu kuhusu waya. Yeye akiona waya umekatika anaona mgonjwa. Anaumenya kwa meno, anausokota, anaufunga kwa ile plasta nyeupe anayofungia kwato, kisha anarudi nyuma kidogo, anautazama kwa upole na kusema, "Huyu atapona."

Mimi ninauza katika duka la vifaa vya umeme hapa mjini Dodoma. Hebu fikiria. Kutwa nzima nashinda katikati ya tepu, konekta, maboksi ya kuungia na nyaya za kila unene, mafundi wanakuja wanabishana mbele yangu kama mawakili, halafu jioni narudi kwangu Ipagala kupiga pasi yenye bandeji. Feni ina bandeji. Redio ina bandeji mbili. Kuna mwaka pasi ilitoa moshi na kutoboa sketi yangu ya kanisani, mume wangu akainusa na kusema ni vumbi la Dodoma limeungua humo ndani. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Si kwamba sikumfundisha. Nilimfundisha mpaka koo likakauka. Baba watoto, kabla ya kugusa waya zima meni swichi, siyo swichi ya ukutani tu. Ukishazima, pima kwa testa, maana swichi nayo hudanganya. Unga waya mnene kwa mnene mwenzake, usiunge waya wa redio kwenye mzigo wa pasi. Menya kidogo tu kwa plaizi, shaba isibaki wazi. Ingiza ncha kwenye konekta, kaza skrubu, kisha kifiche kiungo ndani ya boksi, kisining'inie kama popo wala kupita chini ya mkeka. Tepu ni nguo, siyo mfupa. Ananisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu sana, kisha anauliza, "Kwani ng'ombe wana meni swichi?"

Basi tuliishi hivyo, tukilindwa na Mungu, mpaka mama yangu alipokuja kutoka Kibakwe kutolewa mtoto wa jicho.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu vijana wa siku hizi wanakaa na mama wakwe zao sofa moja wakitazama tamthilia na kugombania rimoti. Sisi tuliokulia kule milimani tulilelewa vingine. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawasemeshani ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Na chumba anacholala mama mkwe, mkwe mwanaume haingii, hata kiwe kinawaka moto. Siyo chuki. Ni heshima, tena ya hali ya juu, na wanaostahili kulalamika ni wale walio katikati yao, yaani mimi.

Mume wangu alilelewa na bibi yake, kwa hiyo katika mambo haya ni mkali kuliko wazee wenyewe. Tangu anioe, mama yangu alikuwa amemwona mgongo, visigino, na siku moja ya harusi kofia. Sura yake hakuijua. Wakiamkiana, mume wangu husimama nyuma ya ukuta na kusema, "Mwambie mama shikamoo." Mimi namwambia mama, "Shikamoo yako hiyo." Mama anajibu, "Mwambie marahaba, hajambo?" Nami narudi na marahaba yangu kama tarishi. Kwa miaka yote hiyo nimebeba salamu nyingi kuliko mtu yeyote wa mkoa huu.

Nyumba yetu haina chumba cha wageni. Kuna stoo ndogo upande wa nyuma, yenye dirisha dogo linalotazama kibaraza. Tulitoa magunia, tukaweka kitanda, tukatundika pazia, mama akaingia. Chumba hicho hakikuwa na taa wala soketi, kwa kuwa gunia la mahindi halihitaji taa. Kitu pekee cha umeme kilichokuwemo ni boksi la meni swichi la nyumba nzima, juu ukutani, lenye kitaa chekundu kinachowaka umeme ukiwepo. Siku ya kwanza kutoka hospitali mama, jicho moja likiwa limefungwa bandeji na lingine lina ukungu wake, aliuliza ni nani anayemkodolea macho pale ukutani. Bandeji ilipotolewa, kile kitaa kilikuwa kitu cha kwanza alichokiona vizuri kwa jicho jipya. Akawa anakitangaza. "Umekatika," atasema. "Umerudi." Kwa kweli hakuwahi kukosea.

Shida ilikuwa giza. Dawa ya macho iliwekwa mara nyingi kwa siku, na chumba kile hata mchana kilihitaji tochi. Nikiwa dukani alijiwekea mwenyewe. Siku moja nilirudi nikamkuta shavu, sikio na mto vimelowa dawa, jicho kavu. Siku nyingine alijikwaa kwenye ndoo akaanguka, akanificha, nikagundua kwa uvimbe. Daktari wa macho alishasema wazi kwamba jicho lile lisipotunzwa vizuri mpaka siku ya kurudi kliniki, linaweza kuharibika, na lile lingine lilikuwa limebaki la kuonea kivuli tu. Kwa hiyo tulichokuwa tunacheza nacho si raha ya mgeni. Ni mama yangu kuona au kutoona.

Naye akawa anataka kuondoka. Si kwa sababu ya giza, ni kwa sababu ya mkwe wake. Mzee wa watu alikuwa ameona, kwa lile jicho jipya na kwa masikio yake ya zamani, jinsi mume wangu anavyoishi. Anakula chumbani akiwa amekaa kitandani, sahani juu ya magoti. Anakwenda bafuni kwa kuzunguka nyumba kwa nje, katika baridi ya mwezi wa saba, ule upepo wa Dodoma ukimpeperusha na taulo lake, ili asipite mbele ya mlango wa stoo. Akikohoa anaufunika mdomo. Ijumaa jioni, nikiwa nasonga ugali wa uwele, mama aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda.

"Mwanangu, kesho kutwa nitapanda basi la Mpwapwa. Kutoka pale nitapata gari la Kibakwe."

"Mama, kliniki bado!"

"Nitarudi kliniki. Mtu hawezi kumfukuza mwenye nyumba nyumbani kwake. Mume wako amekuwa kama mwizi humu ndani, ananyata. Naona aibu."

Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamtisha kwa jina la daktari. Alifunga midomo. Mama yangu akishafunga midomo, hata mlenda haupiti. Usiku huo huo akaanza kukunja vitenge vyake kwenye begi.

Nilimpelekea mume wangu sahani yake chumbani, nikamweleza yote. Aliacha kula. Aliutazama mlenda, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mama akae."

"Nimemwambia."

"Mwambie mimi ndiye niliyesema."

"Nimemwambia hilo pia. Anadhani ninatunga."

Na kweli, hapo ndipo utarishi wangu ulipofika mwisho. Shikamoo unaweza kuibeba. Lakini kumwambia mtu "kaa, tunakutaka" ni neno ambalo mwenyewe lazima alitoe mdomoni mwake, na mdomo wake ulikuwa umefungwa na mila. Nilimwonea huruma mume wangu, huruma ya kweli. Alisukuma sahani pembeni, akasema, "Basi nitamwekea taa. Akiona taa, ataelewa."

Nikasema wazo ni zuri sana, tumwite fundi.

"Fundi wa nini? Pale kibarazani kuna balbu. Nafungua, naunga waya pale, naupitisha dirishani, balbu unaitundika wewe ndani. Mimi siingii hata kidogo. Ni kaupasuaji kadogo."

Tuligombana, mkiniuliza, kwa kunong'ona, ili mama asisikie. Mwishowe tukapatana hivi: Jumamosi asubuhi ningekwenda dukani kuleta waya wa unene unaofaa, konekta, boksi na testa. Nikirudi, mimi mwenyewe ningeingia kwa mama kuzima meni swichi, na mimi mwenyewe ningepima. Yeye angekuwa mikono tu. Asiguse kitu mpaka nirudi. Aliapa.

Mimi nilisahau kwamba daktari wa mifugo anapoapa, anaapa huku akitafuta kisu.

Nilipokuwa dukani, kule nyumbani umeme ulikatika mtaa mzima. Mtu mwenye akili angekaa akanywa chai. Mume wangu yeye aliona ni mlango wa mbinguni umefunguka. Baadaye alinieleza jinsi alivyofikiri, na naomba mnisaidie kuona akili ilipotokea. Meni swichi iko chumbani kwa mama mkwe. Chumbani kwa mama mkwe haingii. Kumwomba mama mkwe azime hawezi, kwa sababu hawasemeshani, na mke hayupo wa kupeleka ujumbe. Lakini sasa umeme umekatika wenyewe. Kwa hiyo meni swichi imezimwa na serikali, heshima imebaki, na mwenye nyumba anaweza kufanya kazi yake kwa amani. Mwanaume mzima, amesoma, ana vyeti. Alikuwa radhi kushika waya usiozimwa kuliko kuomba kwa sauti, kupitia dirisha, neno moja: zima.

Akapanda juu ya stuli pale kibarazani. Akafungua kishikio cha balbu, akavuta nyaya mbili nje, akazikata, akazimenya kwa meno kama kawaida yake. Ncha za shaba zikabaki zinachungulia hewani, ndefu, zinang'aa. Kisha akagundua kwamba plasta ameiacha kwenye mkoba wa kazi, akashuka kuifuata.

Wakati anapekua mkoba, umeme ukarudi.

Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna taa iliyowaka, redio ilikuwa imezimwa kwa heshima ya mgeni. Hakuna aliyejua. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nafungua geti, mfuko wa vifaa mkononi, nikamwona mume wangu kwa mbali anapanda tena juu ya stuli, plasta imening'inia mdomoni, viatu amevua ili asichafue stuli. Akanyoosha mkono kuelekea juu. Sikujua kama umeme ulikatika wala kama umerudi. Nilichokiona ni kwamba ameanza bila mimi, na hasira ikanipanda hata nikashindwa kupata neno la kuanzia.

Dirisha la stoo likafunguka kwa kishindo, pazia likaruka.

"Wewe mtoto! Toa mkono! Umeme umerudi, utakufa!"

Mume wangu ana miaka hamsini na kitu na kipara. Hakuna mtu aliyemwita mtoto tangu bibi yake azikwe. Aliruka kutoka kwenye stuli kinyumenyume, stuli ikaenda kwake, yeye akaenda kwake, akaketi chini vumbini na plasta yake mdomoni. Ndani ya stoo nikasikia kishindo cha mkongojo ukipiga boksi la meni swichi, mara moja, mara mbili, halafu ule mlio mkavu wa swichi kushuka.

Nilikimbia. Nilitoa testa kwenye mfuko, nikaingia kwa mama nikairudisha swichi juu kwa muda, nikatoka kupima zile ncha, na taa ya testa ikawaka mkononi mwangu. Pale pale alipokuwa anataka kushika kwa vidole vitupu, miguu mitupu juu ya stuli ya chuma. Nilirudi ndani nikaizima tena. Nilitaka kumkumbatia mama na nilitaka kumpiga mume wangu, nikashindwa kuchagua, nikakaa kitandani nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Nilikuwa karibu kufiwa, kwa ajili ya adabu.

Mama hakunitazama. Alikuwa bado amesimama dirishani, kichwa wazi, kitenge kimeanguka sakafuni. Na mume wangu kule chini alikuwa amesahau kuinamisha uso. Walikuwa wanatazamana.

"Umeumia?" mama akauliza.

Mume wangu akatoa plasta mdomoni. "Hapana, mama."

Halafu wote wawili wakagundua walichofanya. Mama akajifunika uso kwa viganja. Mume wangu akageukia ukuta. Kuku wa jirani tu ndio waliendelea na mambo yao. Kisha mama akasema, kwa ile sauti yake rasmi, "Mwanangu, mwambie mumeo nimemkosea heshima, anisamehe."

"Mama, yupo hapo, anakusikia!"

"Mwambie."

Kutoka nje sauti ikaja, "Mwambie mama mimi ndiye niliyemkosea."

"Sisemi," nilisema. "Leo sibebi kitu cha mtu. Semezaneni au mkae kimya."

Wakakaa kimya. Ndugu zangu, watu hawa wana vichwa.

Nilimpigia simu fundi mmoja tunayemfahamu pale dukani, akaja mchana huo huo. Alipima kwanza, kisha akatoka kwenda kuangalia zile ncha za kibarazani zilizomenywa, akaziangalia sana. "Hizi zimemenywa na panya?" akauliza. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, akakohoa. Fundi alikata zile ncha, akaweka boksi ukutani, akaunga kwa konekta, akakaza, akavuta kila waya kwa mkono kuona kama utachomoka, akapitisha waya ndani ya bomba lake mpaka stoo, akaweka swichi karibu na kitanda ambapo mama angeifikia akiwa amelala. Kisha, kwa ombi langu, akazunguka nyumba nzima akikata bandeji. Zilijaa bakuli. Mume wangu alizitazama kama mtu anayetazama wagonjwa wake wakitolewa wodini kwa nguvu.

Jua lilipoanza kuzama mama akabonyeza swichi. Stoo yote ikaonekana, mpaka nyufa za ukuta na buibui niliyedhani nimemfagia. Mama akatazama dari, akatazama mikono yake, mbele na nyuma. Begi lake lilikuwa miguuni pa kitanda, zipu imefungwa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, chupa ya dawa ya macho mkononi, naogopa kuuliza. Mume wangu alikuja akasimama nje ya mlango, pale kizingiti kinapoishia, hakuvuka hata kidole. Uso ameuinamisha. Niliona midomo yake inahangaika.

"Mwambie mama," akaanza.

Nikatazama ukuta.

"Mama," akasema. "Kaa."

Mama alinyanyua uso, akamtazama pale mwangani kwa lile jicho jipya, bila haraka, kuanzia kipara mpaka miguuni, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa miaka mingi. Niliogopa ataona aibu, atafunga midomo tena, na kesho jicho lile litakwenda kuharibikia milimani.

"Kumbe ndiye wewe," mama akasema. "Nilikuwa nakuona kisogo tu. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, nimeshakusemesha. Hiyo kliniki yao ni lini?"

"Alhamisi, mama."

"Utanipeleka wewe? Huyu ana kazi dukani."

"Nitakupeleka."

"Basi njoo unitie hiyo dawa. Binti yangu mikono inamtetemeka."

Mume wangu akanitazama mimi, akatazama kizingiti. Akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa, maana mkono wake ulipanda mpaka kichwani ukakuta kipara tu. Kisha akaingia. Akanawa mikono vizuri kwenye beseni, kama anavyofanya kabla ya kumgusa mnyama mgonjwa, akachukua chupa mkononi mwangu, akamwinamia mama yangu, akalifungua jicho lake kwa vidole viwili. Tone likaingia katikati kabisa. Wala shavu halikulowa.